Chemchemi ya Mkono wa Kulia

Nimechoka kuulizwa mlangoni mwa msikiti, viatu mkononi, "Eh mzee, Ugiriki kulikuwaje?" na nyuma yangu watu wamesongamana wanataka kupita. Swali hilo halijibiki mtu akiwa na viatu mkononi. Basi nimekaa jikoni nimeandika. Aliyeuliza asome, asiyeuliza asome pia, kisha yaishe. Habari za tiketi na pasipoti mtanisamehe, hazina utamu wala faida.

Najua wengine mlisema mzee kachanganyikiwa, ana mke mgonjwa na anamburura nchi za watu. Mliosema hivyo hamkukosea sana.

Nassor mlimjua, na jeneza lake mlilibeba wenyewe, miaka mitatu sasa. Alikuwa mtoto wetu wa pekee. Moyo ulisimama akiwa chumbani kwake Selly Oak, hapa hapa Birmingham, alikopanga na wanafunzi wenzake. Alikuwa akisomea Wagiriki wa kale, miungu yao na falsafa zao, elimu ambayo miye niliipiga vita tangu siku ya kwanza kwa sababu nilimtaka awe mfamasia. Mama yake hakuipiga vita. Kila Jumamosi Nassor alimfuata jikoni akamhadithia kwa Kiingereza, yeye akamjibu kwa Kiswahili huku anageuza sambusa, na wakaelewana kuliko nilivyowahi kuelewana na yeyote kati yao.

Mwaka mmoja baada ya msiba, Mama Nassor akaanza kusahau. Alianza na jambo ambalo miye nisingeweza kulisahau. Kila alasiri, saa ambazo Nassor alikuwa akirudi shule alipokuwa mdogo, husimama dirishani akatazama mabasi ya Stratford Road na kuniuliza: "Baba Nassor, Nassor hajaja?"

Namwambia, "Nassor amefariki, Mama Nassor."

Na yeye hulia kama mtu aliyepigiwa simu sasa hivi. Asubuhi anaamka hana habari. Alasiri anauliza tena.

Nyambura, yule Mkenya anayekuja asubuhi kumuogesha, alinigombeza zaidi ya mara moja. "Baba Nassor, kwani ni lazima umwambie? Si useme tu ako job, atakuja. Hata kwa training tulifunzwa hivyo."

"Sisemi uongo juu ya maiti wangu."

"Sasa nani anaumia hapo, wewe ama yeye?"

"Sote."

"Haya basi, muumie wawili," akasema, akavaa glavu zake.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu. Nilitaka Mama Nassor akumbuke mara moja, na asubuhi yake awe bado anakumbuka, ili tulie pamoja kama wazazi waliofiwa. Nimekaa matanga peke yangu miaka mitatu, na mfiwa mwenzangu anapokea habari upya kila siku. Hayo siwatakii hata nyinyi mnaonidhulumu kwenye bao.

Sasa, katika daftari la Nassor mna ukurasa kuhusu mji wa Livadia. Ameandika kwamba huko zamani palikuwa na shimo ambalo watu walishuka kwenda kuuliza mambo yaliyofichika, na karibu yake chemchemi mbili, moja ya Kusahau na moja ya Kukumbuka. Pembeni, kwa kalamu nyingine, ameandika: "Take Mum." Hapo ndipo kila mara niliposhindwa kusoma zaidi, nikalifunga.

Msinitolee fatwa. Najua shirki ni nini. Lakini nimekulia nyumba ambayo mtoto akiumwa aliandikiwa kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa, akanywa. Mtu aliyelelewa hivyo humwambii kwamba maji hayabebi kitu.

Kutoka Sparkhill hadi uwanja wa ndege

Mama Nassor alivaa buibui lake jipya tangu alfajiri, kwa kuwa aliamini tunakwenda Unguja. Nilimsahihisha mara nne, nikaacha. Alikuwa amebeba kopo la visheti ambavyo Nyambura alimsaidia kukaanga, na ndege ilipotangazwa kuwa imechelewa saa sita, akalifungua akaanza kuwagawia abiria, mmoja baada ya mmoja, kama tuko kwenye maulidi. Watu wa mji huu ni wakarimu wa kula. Jamaa mmoja mwenye jezi ya mpira na miguu iliyochorwa majoka alikula vinane, akamwambia, "Ta, bab," ndiyo asante mpenzi ya watu wa hapa, naye akamjibu, "Kula mwanangu, umekonda."

Ningependa habari za uwanjani ziishie hapo. Lakini saa sita za kuchelewa zilitupeleka hadi alasiri, na pale kwenye viti vya chuma, mbele ya mamia ya watu, akanigeukia. "Baba Nassor, Nassor hajaja? Ndege itamwacha!"

Nikamwambia. Akapiga ukelele, hata mwenye majoka akasimama. Wakaja watu wawili wa usalama, mwanamke na mwanamume. Mwanamke alipiga magoti mbele ya Mama Nassor akamuuliza kwa upole kama anasafiri kwa hiari yake, na kama anamjua mtu huyu aliyekaa naye. Nilitafsiri mwenyewe. Fikirini, nakalimani juu ya tuhuma yangu mwenyewe.

Mama Nassor alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akanitazama, akamtazama yule mwanamke kama mtu anayeuliza ujinga.

"Huyu? Huyu Baba Nassor," akasema.

Jina lilitosha. Wakatuacha.

Athene

Athene tulifika tumechoka hatusemezani. Siku ya pili nikampeleka kulitazama lile hekalu la juu ya mlima ambalo Nassor alikuwa na picha yake ukutani. Hakupanda. Alikaa juu ya jiwe chini, akawatazama watalii wanaopandana kama siafu.

"Wanakwenda wapi wote hawa?"

"Kutazama nyumba ya mungu wao wa kale, mungu mwanamke wa hekima."

Akainua macho. "Mbona haina paa? Watu wamepanda ndege waje kutazama gofu? Magofu yako kwetu tele, na hapana anayetoza kiingilio." Nikacheka, wallahi. Kwa dakika ile alikuwa yeye mwenyewe, na cheko lilipoisha ndipo iliponiuma zaidi.

Nikamhadithia, nikisoma daftarini, kwamba palikuwa na mwanafalsafa wa mji huu aliyefundisha kuwa roho ilijua kila kitu kabla ya kuzaliwa, na kwamba kujifunza si kupata jipya bali ni kukumbuka. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Huyo hakuwa na mgonjwa nyumbani."

Chakula kilitusumbua. Kila harufu nzuri ya mji ule ni ya nguruwe. Tuliingia mkahawa mmoja nikauliza kama nyama yao ni halali. Mwenyewe akarusha kichwa nyuma na kuinua nyusi, ishara ambayo kwetu ni ya kumwambia mtu haya, njoo. Nikashukuru, nikamketisha mke wangu, tukasubiri nusu saa bila ya kuletewa chochote. Kumbe kichwa nyuma kwao ni hapana. Alipoona hatuondoki akatuhurumia, akatuletea supu ya maharage na mkate. Mama Nassor akasema inataka nazi.

Alasiri aliuliza. Nilimwambia. Tulikuwa kwenye benchi karibu na kituo cha treni, na njiwa hawakuruka hata mmoja.

Njia ya Thebe

Basi la Livadia liliharibika karibu na mji wa Thebe. Dereva alishuka, akafungua injini, akaifunga, akawasha sigara. Tulikaa kando ya mashamba ya pamba saa mbili na zaidi. Mwanamke wa makamo aliyevaa nguo nyeusi tupu, naye nadhani alikuwa mfiwa, alitupa zeituni na jibini kwenye karatasi. Yeye na Mama Nassor walizungumza muda mrefu, kila mmoja kwa lugha yake, wakishikana mikono. Sijui waliambiana nini. Niliwaonea wivu.

Miye nilikuwa nasoma. Nassor ameandika juu ya mfalme wa Thebe aliyetaka kujua ukweli wa nyumba yake. Wote walimsihi aache: mkewe, wazee, hata kipofu mtabiri. Akang'ang'ania. Alipoujua, alijitoboa macho yake mwenyewe. Chini ya hadithi Nassor ameuliza, kwa Kiingereza chake cha haraka, kama ukweli huo ulimfaa mtu yeyote. Nikamkumbuka Nyambura na glavu zake.

"Baba Nassor," mke wangu akaniita, jua limeshalala upande. "Nassor hajaja?"

Nilifungua kinywa niseme yuko kazini. Nakuapieni niliyapanga maneno yale. Ulimi ukakataa. Nikasema lile lile la siku zote, na mwanamke wa nguo nyeusi, asiyejua neno moja la Kiswahili, akamkumbatia na kunitazama miye kwa jicho baya. Namstahi. Ningekuwa yeye ningenitazama hivyo hivyo.

Livadia

Livadia ni mji wa maji. Mto unatoka chini ya jabali na kupita katikati ya nyumba, kuna vidaraja vya mawe na magurudumu ya vinu vya zamani, na kwenye jabali lenyewe kumechongwa vishubaka ambamo watu wa kale waliweka nadhiri zao. Tulikaa kwenye mkahawa kando ya mto. Mwenyewe, mzee mnene anayeitwa Stavro, alikuja na trei akatuuliza kwa Kiingereza tunatoka wapi.

"Birmingham," nikasema.

"Hapana. Kabla ya Birmingham."

"Zanzibar."

Akaiweka trei chini, mezani kwa watu wengine. "Karibuni wageni! Miye mtoto wa Tanga, bwana we!"

Baba yake alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge, naye akazaliwa huko, akacheza na watoto wa manamba, vibarua wa mkonge, mpaka alipokuwa barobaro wakarudi kwao. Kiswahili chake kilikuwa kizima, ila kimezeeka naye. Mama Nassor alichangamka kama aliyewashwa taa. "Alhamdulillahi, tumefika kwa watu! Tanga kwa nani?" Stavro akacheka, akatuletea kahawa chungu ya vikombe vidogo, akakataa malipo.

Nikamuuliza nililolifuata. Ipi kati ya chemchemi hizi ni ya Kukumbuka?

Akajikuna shingo. "Babu yangu alisema ile ya kulia. Mke wangu, marehemu, alisema ya kushoto. Siku moja pakawekwa kibao, watu wakagombana, kibao kikang'oka."

"Kwa hiyo hamjui?"

"Tumesahau, bwana!" Akacheka mpaka machozi. Miye sikucheka. Nilikuwa nimembeba mgonjwa bara zima.

"Halafu," akaongeza, "watu wa kale walikunywa zote mbili. Kwanza ya kusahau, halafu ya kukumbuka."

"Ya kusahau hatuihitaji," nikamwambia. "Tunayo nyumbani."

Tukaenda mpaka penye jabali. Upande mmoja maji na upande wa pili maji, yote meupe, yote baridi, hayana tofauti. Nikasimama pale na kikombe nilichotoka nacho nyumbani. Hapa ndipo pa kunihukumu. Sikuuliza mtu wa pili, sikurudi kwenye daftari. Nilifanya alichonifunza mama yangu kabla sijajua kusema: kila la heri huanzia kulia. Tunakula kwa kulia, tunavaa kwa kulia, msikitini tunaingia kwa kulia, na kushoto tunaingia chooni. Mkono haukufikiri. Nikateka ya kulia.

"Maji ya nini haya?" Mama Nassor akauliza.

"Ya kukumbuka."

"Nikumbuke nini?"

"Kila kitu."

Akanitazama sana. "Kila kitu? Wewe ungekubali?"

Nikamsogezea kikombe. Akasema bismillahi, akayanywa mafundo matatu, akanirudishia kikombe. "Baridi," akasema, akajifuta kidevu.

Tukakaa tukangoja alasiri. Jua likapita juu ya jabali, bata wakaja wakaenda, Stavro akatuletea mkate wa mchicha. Saa tisa ikapita, na saa kumi, na kumi na moja. Mama Nassor alitazama maji, hakuuliza.

Hakuuliza! Mnaelewa? Mwaka wa pili huo, na ndiyo alasiri ya kwanza. Nikajua amekumbuka. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba sasa anajua, na kwa kuwa anajua hana la kuuliza. Nikaanza kulia pale pale kando ya mto, miye ambaye mlisema makaburini nina roho ngumu. Yeye akanishika mkono, akanipigapiga juu ya kiganja.

"Pole," akaniambia. "Pole sana."

Miaka mitatu nilikuwa nalingoja neno hilo litoke kwake.

Kurudi

Siku ya pili hakuuliza, wala ya tatu. Tulirudi Athene, mkono wake mkononi mwangu. Sikumtajia Nassor, nikimhurumia. Nilisema tutamzungumza nyumbani, jikoni, panapostahili. Nilikuwa na furaha, astaghfirullah, furaha ya mfiwa aliyepata mwenzake.

Uwanjani Athene ndege ikachelewa tena, na kwa mara ya kwanza nikawa na moyo wa kufungua ukurasa unaofuata ule wa Livadia. Nassor ameandika kwamba baadhi ya Wagiriki walizikwa na vibati vyembamba vya dhahabu, vimeandikwa maelekezo ya maiti: njia ipite wapi, aseme yeye ni nani, aombe maji kwa kuwa ana kiu. Akaandika: kama talkini. Sikujua kwamba mtoto yule alilijua hata neno lenyewe. Miye ndiye niliyemsomea talkini yake, nimechutama kwenye udongo wa Birmingham, namfundisha namna ya kuwajibu malaika.

Kisha mstari unaofuata. Katika kimoja cha vibati hivyo maiti anaambiwa: utakuta chemchemi mkono wa kulia, penye mti mweupe, roho zote zinakimbilia hapo. Usiisogelee. Pita, uende mbele, kwenye maji ya Kukumbuka.

Nassor ameongeza kwamba vibati vingine vinasema kushoto, havikubaliani. Nililisoma hilo mara kumi ili linifariji. Halafu nikamgeukia mke wangu, aliyekuwa akitazama ndege kwenye kioo, nikasema taratibu, "Mama Nassor."

Hakugeuka. Nikasema hasikii, makelele ya uwanjani.

Sparkhill

Nyambura alikuja asubuhi ya kwanza, bado tuna vumbi la safari. "Mama Nassor! Karibu home! Safari ilikuwa aje?"

Mke wangu akatazama nyuma yake kuona nani anaitwa.

Nyambura akanitazama. Ni mwanamke hodari, ameshaona mengi kazini kwake, lakini ile epuroni yake aliifunga mara mbili. "Baba Nassor," akasema polepole, "nadhani amesonga stage ingine. Si makosa yako. Huu ugonjwa uko hivyo."

Ndivyo asemavyo daktari pia, na ndivyo ninavyoamini mchana. Maji ni maji. Lakini sasa nalijua lile "pole" la kando ya mto lilikuwa la nani. Lilikuwa la mama mstaarabu wa Kiunguja aliyemkuta mzee asiyemjua akilia, akampa haki yake.

Namwita Zuwena sasa, jina lake la usichana ambalo sikulitamka tangu Nassor azaliwe. Huitika. Siku moja aliniuliza nimelijuaje.

Kwa hiyo hiyo ndiyo Ugiriki. Mnapokuja kututazama, njooni, atawapikieni chai na kuwaita nyote wanawe. Ila nawaombeni kitu kimoja: niiteni Baba Nassor, kwa sauti, hata kama hakuna anayegeuka. Wa kumkumbuka mtoto yule jikoni mwake nimebaki miye, na miye ndiye niliyemtaka awe mfamasia.

Jana alasiri alikuwa kwenye kochi anakunja nguo alizozikunja asubuhi. Dirishani hapakuwa na mtu. Saa ikafika, ikaanza kupita, na nyumba ilikuwa kimya mno, nikashindwa. Nikainuka nikasimama pale alipokuwa akisimama yeye. Mabasi yalipita Stratford Road, moja, la pili, watoto wa shule wakashuka.

"Nassor hajaja?" nikauliza.

Akaacha kukunja. Akanitazama kwa huruma yote aliyonayo, na huruma hajaisahau.

"Atakuja, bwana," akaniambia. "Yuko njiani. Njoo ukae."

Nikamshukuru, nikaenda nikakaa.